Manjano, Konflawa na Kanzu ya Ijumaa

Tangu mwalimu wa chekechea awaambie wazazi kwamba mtoto mdogo hufikiri kwa vidole, sakafu ya nyumba yangu haijapata kukauka. Kikao chenyewe kilikuwa cha ada. Ada ikazungumzwa, wazazi tukakohoa, tukatazama dari, na mwalimu, nadhani kwa kutuonea huruma, akahamia kwingine: msihangaike na midoli ya bei mbaya, wapeni watoto maji, unga, mchele, mchanga, vitu vya kupapasa na kunusa, kwa sababu mtoto wa miaka miwili anaijua dunia kwa kuishika. Mke wangu akaandika yote kwenye daftari. Mimi niliposikia kwamba hakuna cha kununua nilipiga makofi peke yangu, ukumbi mzima ukanigeukia.

Msomaji mwenye wadogo nyumbani anajua yaliyofuata. Asiye nao avute kiti, anywe chai yake ikiwa bado ya moto. Ni starehe ambayo sisi wengine tumeisahau.

Kwanza nikutajie wakazi wa nyumba hii ya Tabata. Wakili ni binti yangu Zuhura, ana miaka minne na nusu na hajawahi kushindwa kesi. Katapila ni mdogo wake, Idi, miaka miwili na ushee, mtu wa vitendo: akikuta kitu kimesimama anakilaza, akikuta kimelala anakionja. Waziri ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, aliyekuja mjini kutafuta kazi akapata kochi. Cheo chake kamili ni Waziri Asiye na Wizara Maalumu. Halafu kuna mama mkwe, aliyetoka Pangani kuja kutusalimia kabla ya Ramadhani. Ramadhani imepita, Idi zote mbili zimepita, bado anatusalimia. Huyo, moyoni tu, namwita CAG, kama yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, maana hakuna kijiko cha sukari kinachotoka jikoni bila hoja ya ukaguzi. Mke wangu hana jina la utani. Nina akili zangu timamu.

Jumamosi ninayotaka kukusimulia iliangukia katikati ya masika. Mke wangu alikuwa na kikao cha kamati ya harusi ya binamu yake, na vikao hivyo unavijua, saa ya kuanza inatajwa, ya kumaliza haitajwi. Akasimama mlangoni na mwavuli wake: "Baba Zuhura, uji saa nne. Saa saba walale. Na wasishinde kwenye katuni, daftari la mwalimu liko juu ya friji." Hilo la katuni halikuwa na haja ya kusemwa. Hajafika hata kituo cha daladala, umeme ukakatika.

Tukaanza na maji, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yanaingia yenyewe kwa chini ya mlango. Beseni pana, vikombe vya plastiki, kata, chujio la chai. Maji yawe kidogo, na mtu mzima asibanduke hata simu ikilia: mtoto wa saizi ya Katapila kichwa chake ni kizito, akitumbukia kwenye ndoo hawezi kujinyanyua, na sentimita chache za maji zinatosha kumzamisha. Ndiyo maana jaba letu lina mfuniko, na juu ya mfuniko kuna tofali. CAG alichangia tofali.

Katapila akachota, akamwaga, akachota, akamwaga. Wakili yeye alitaka mashindano. Nikajaza vikombe viwili vifupi, sawasawa, tukakubaliana kwamba ni sawasawa. Kisha kimoja nikakimimina kwenye glasi ndefu nyembamba, ile ambayo Waziri hunywea juisi za watu.

"Nimeongeza maji?"

"Hujaongeza."

"Nimepunguza?"

"Hujapunguza."

"Sasa yapi mengi?"

"Ya kwenye glasi."

"Kwa nini?"

"Baba, si unaona yamefika juu?"

Nikayarudisha kikombeni. Akasema sasa ni sawasawa. Nikayapeleka tena kwenye glasi. Yakawa mengi. Kesi ikafungwa, nikaamriwa kulipa gharama kwa kumpa glasi ndefu wakati wa juisi. Kuna Mswisi mmoja, Jean Piaget, aliyezaliwa mwaka 1896, ambaye alijipatia jina kubwa kwa maswali ya namna hii. Aligundua kwamba watoto wengi hujibu alivyojibu Wakili mpaka wanapokaribia miaka saba. Ndiye pia aliyeandika kwamba tangu kuzaliwa hadi kama miaka miwili mtoto hujifunza kwa milango ya fahamu na kwa kutenda: kunyonya, kushika, kutupa. Aliyajua hayo kwa kuwatazama wanawe mwenyewe watatu, daftari mkononi, na mkewe Valentine akisaidia kutazama. Mimi msomi huyo namheshimu sana. Ninachotaka kujua ni nani alikuwa anadeki.

Kwetu nilideki mimi. CAG alikuwa amepandisha miguu kwenye kochi, kanga ameikusanya magotini. "Baba Zuhura," akaniita kwa ile sauti ya Pangani iliyotiwa nazi, "hivi mkondo huo ukipita hapo, utafika jikoni?" Ulikuwa umeshafika jikoni.

Ukurasa wa pili wa daftari uliandikwa MCHELE. Hapo ndipo CAG alipotoa hoja yake nzito.

"Chakula hakichezewi."

Mbele ya kauli hiyo sina jibu hata leo. Ukiwa unanunua mchele kwa kupima kilo, na unajua bei ilivyopanda, kumwona mtoto anaumwaga kwa kikombe inauma mahali fulani karibu na mfuko wa shati. Walioandika michezo hii kwenye vitabu naona stoo zao zilijaa. Bahati nzuri Waziri, ambaye kwa nadra sana hutoa mchango wenye manufaa kwa taifa, akakumbuka ndoo ya chenga zilizoingia fukusi, zile zilizokuwa zinasubiri kuku wa jirani. CAG akazichungulia, akazinusa, akaidhinisha matumizi. Tukazichekecha, fukusi wakahamishwa makazi, mchele ukamiminwa kwenye ungo.

Natamani ungeuona mkono wa Katapila. Aliuchomeka taratibu mpaka vidole vikapotea, halafu kiganja. Akakitazama kifundo cha mkono, mahali mkono ulipoishia, na uso ukambadilika kwa fikra nzito: huku niliko nipo, kule mbele sipo. Akauvuta ghafla. Vidole vyote vilikuwepo. Akavichunguza kimoja kimoja, akacheka mpaka akajamba, akauchomeka tena. Mtoto ambaye kwa kawaida hakai sehemu moja muda wa kumfunga kamba za viatu alibaki pale mpaka uji ukapoa, anazika mkono na kuufufua. Hata CAG alinyamaza.

Utaniuliza kwa nini mwalimu aliandika mchele na maharage, nami nikatumia mchele tu. Maharage yamepigwa marufuku katika nyumba hii, isipokuwa yakiwa yameiva na yana nazi. Mwaka jana Wakili alilisukuma harage moja kwenye tundu la pua. Hakulia, hakusema, tulimgundua kwa sababu alianza kuongea na sauti ya mtangazaji mwenye mafua. Waziri akaja na kibano cha nyusi. CAG akapendekeza ugoro. Mke wangu akatutazama wote, akambeba mtoto, tukaingia kwenye bajaji hadi zahanati.

Muuguzi pale alikuwa binti mdogo tu, lakini alitupanga mstari. Kwanza akamsifu mama kwa kukataa kibano, maana ukichokonoa unalisukuma ndani zaidi. Pili akasema vizuri mmewahi, harage likilowa hutuna. Kisha akamfundisha mke wangu: ziba kwa kidole tundu lililo zima, weka mdomo wako juu ya mdomo wa mtoto ubane vizuri, puliza pumzi moja fupi yenye nguvu. Wenyewe huita busu la mama, na madaktari wameijua njia hiyo tangu miaka ya 1960. Si kila mara inafaulu. Kwa mke wangu ilifaulu: harage lilitoka kasi, likapiga meza, likadunda, likatua kwenye daftari la wagonjwa wa nje. Nilipomuuliza Wakili kwa nini, alijibu mbele ya muuguzi: "Nilitaka kujua kama linaingia." Ukipata la kumjibu mtoto huyo niletee, nasubiri.

Turudi Jumamosi. Mvua ilikuwa inazidi, na daftari likatupeleka kwenye unga wa kufinyanga. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi, maji kiasi cha kikombe kimoja, mafuta kijiko. Chumvi inaufanya usioze haraka, tena inasemekana mtoto akiuonja atautema. Katapila hatemi. Ilibidi nikae naye paja kwa paja, kwa sababu chumvi ya kiasi kile si ya kumezwa na mtoto, na unga mbichi wenyewe unaweza kuwa na vijidudu. Rangi hatukuwa nayo. Wakili akaenda jikoni, akarudi na kopo la manjano.

CAG akaushika ule unga, akaubinya, akaniangalia kwa masikitiko. "Huu haujakandwa, mwanangu." Nikamweleza kwamba ni wa kuchezea tu. Akasema unga ni unga. Akawakalisha wajukuu zake mkekani, akawafundisha kusukuma kwa kisigino cha kiganja, kukunja, kugeuza, kusukuma tena, mpaka ukalainika na kung'aa. Wakili akakunja sambusa zenye pembe tatu za haki. Waziri akafinyanga gari atakalonunua akipata kazi, na alilifinyanga kwa moyo, milango, taa, hata bomba la moshi. Katapila akala bampa.

Kimya kikatawala. Wewe mwenzangu unajua kimya cha watoto kinaashiria nini, lakini mimi niliamini kwamba hatimaye nimeiweza kazi hii. Nilipoinua macho Katapila hakuwepo pajani. Alikuwa anarudi kutoka kwenye korido, na nyuma yake ukutani, kutoka mlango wa chumbani hadi barazani, kulikuwa na msururu wa viganja vya njano.

Kuta hizo si zangu. Mwenye nyumba wetu ni mtu wa kuta, kila akija kuchukua kodi huzipapasa. Na hili si tatizo la Tabata peke yake. Huko Roma, mtaa wa San Lorenzo, wenye majengo ya kupangisha walichoka na watoto wadogo waliobaki bila mtu wazazi wakienda kazini, wakawa wanachafua kuta na ngazi. Akaitwa daktari wa Kiitaliano, Maria Montessori, na mwaka 1907 akawafungulia nyumba yao. Badala ya kiboko akawapa shughuli za mikono: vibao vyenye sehemu laini na sehemu za msasa, vipande vya nguo vya kulinganisha wakiwa wamefungwa macho, vichupa vya kunusa. Watoto wakatulia, dunia ikashangaa, na leo kuna shule zenye jina lake ambazo nikisikia ada zake namkumbatia mwalimu wetu wa chekechea. Mwanzo wake, tafadhali, ulikuwa watoto wa wapangaji.

Viganja viliishia barazani, na barazani, kwenye kamba ya ndani kwa sababu ya mvua, ilikuwa imeanikwa kanzu yangu nyeupe ya Ijumaa. Katapila alikuwa ameifutia mikono, mbele na nyuma.

Waziri, kwa mara ya kwanza tangu ahamie, akajitolea kufua. "Niachie, shem, hili dogo." Akachukua sabuni ya mche, akasugua kwa nguvu za mtu aliyekula bure muda mrefu. Doa la njano likageuka jekundu. Akasugua zaidi. Likawa jekundu la kuiva, lenye ukahawia, likienea kifuani mwa kanzu nyeupe. Wakili akachungulia mlangoni.

"Damu! Anko ameua mtu! Damuuu!"

Nyumba za Tabata zimepakana. Jirani yetu Mama Koku alifika akiwa amejifunika ndoo kichwani, na nyuma yake mwanawe mkubwa, na nyuma ya huyo fundi seremala aliyekuwa amejikinga mvua kibarazani kwao. Wakamkuta Waziri amesimama na kanzu yenye kifua chekundu, mikono yake myekundu, anasema, "Sijafanya kitu." Seremala akarudi hatua moja.

Aliyetuokoa ni CAG. Alikata ndimu, akaikamulia juu ya doa, na mbele ya mashahidi wote, wekundu ukayeyuka, unjano ukarudi. Manjano ndiyo tabia yake: ikikutana na sabuni au magadi huwa nyekundu, ikipata uchachu wa ndimu au siki hurudi rangi yake ya kwanza. CAG hakusomea kemia popote, ila amepika mchuzi wa samaki na kufua nguo za wapishi wa harusi maisha yake yote. "Dawa ya doa lenyewe ni jua," akasema, "suuza, anika, lipigwe na jua mpaka lipauke." Sote tukatazama nje. Maji yalikuwa yamefika kwenye ngazi ya pili.

Basi hapo ndipo michezo ya daftari ilipokufa na mchezo wa kweli ukazaliwa. Wakili hakutaka tena unga wala mchele. Alitaka damu. Nikachana kipande cha shuka kuukuu, tukakichovya kwenye maji ya manjano, tukawawekea kikombe cha maji ya sabuni na nusu ya ndimu. Wanachora kwa kidole chenye sabuni, mstari mwekundu unatokea. Wanapitisha ndimu, unafutika. Mama Koku alikuwa amekuja kushuhudia mauaji, akajikuta anachora ua. Mwanawe, kijana wa kidato cha tatu, akatuambia kwa kiburi kwamba mambo hayo wameyafanya maabara. Akaulizwa na Wakili kwa nini hakuwahi kuja kutuonyesha. Hakuwa na jibu.

Saa saba ya kulala ilipita hakuna aliyeiona. Ili kuwapumzisha nikajaribu mchezo wa kunusa, kila mtu afungwe macho kwa kanga: karafuu, iliki, mdalasini, tangawizi, kahawa. Pilipili manga tuliiacha, haina masihara na pua za watoto. Waziri kila alichonusa alisema pilau. Wakili akampelekea puani soksi ya Waziri mwenyewe. Akafikiri kidogo, akasema pilau ya jana.

Kilichonimaliza mimi ni konflawa. Mke wangu ana pakiti yake ya kuziondolea supu wembamba, na daftari lilisema vikombe viwili vya konflawa kwa kimoja cha maji. Nilikoroga kwa shaka. Kwa macho ni maziwa mazito. Ukitumbukiza kidole polepole kinazama chote. Ukiipiga kofi inakuwa ngumu kama ukuta na mkono unadunda. Ukiifinyanga haraka inakuwa donge kavu, ukiacha kufinyanga donge linalegea na kukutiririkia vidoleni. Chembe za wanga zimeelea kwenye maji: ukienda nazo pole zinapishana, ukizishtua zinabanana zisipite. Sembe haifanyi hivyo, unapata uji mbichi tu, kwa hiyo usijaribu kubana matumizi. Na ukimaliza usimwage kwenye sinki, maana wanga hutuama bombani na kuziba. Nilimwambia hivyo Waziri kwa Kiswahili fasaha. Bomba la jikoni bado linanung'unika.

Katapila aliipiga kofi, haikuruka, akaipiga tena, akaitazama kwa heshima. Ni kitu cha kwanza katika nyumba hii kilichokataa kulala kwa mkono wake. CAG akasogea kukagua. Akagusa kwa ncha ya kidole. Akapiga kofi dogo. Akachota, akafinyanga donge, akakunjua kiganja akaliangalia likiyeyuka hadi kwenye kiwiko, akasema, "Astaghfirullah," akachota tena. Watoto wakaomba zamu. Akawaambia wasubiri wakubwa wamalize.

Mke wangu alirejea karibu na magharibi, umeme ukarudi naye, na taa ikatumulika wote kwa mpigo. Mama Koku na ndimu. Seremala, ambaye sikumbuki alikaribishwa na nani, anafinyanga kochi. Katapila amelala ndani ya ungo, shavu limejaa punje za mchele. Waziri mikono ya njano hadi kwenye viwiko, na Jumatatu alikuwa anaitwa kwenye usaili, wa kwanza tangu aje mjini. Mke wangu alitupita wote, akasimama mbele ya mama yake aliyekuwa na mikono yote miwili ndani ya beseni.

"Mama. Na wewe?"

"Mimi ninakagua," akasema CAG, hakuinua hata uso.

Waziri alikwenda kwenye usaili mikono mfukoni. Wakamwambia watampigia. Kanzu iliendelea kusubiri jua mpaka Ijumaa, nami nikaenda msikitini na kanzu ya shemeji, ambayo kwangu inaishia kidogo chini ya magoti. Yeye hakwenda pungufu: alivaa ile yangu ya pili, ya sikukuu, akatembea mbele yangu njia nzima.